Miche iliyogoma baada ya Noeli: kisa cha uwanja mmoja wa shule Lubumbashi

Miche sitini hivi ilipandwa tarehe 5 Desemba, Siku ya Kitaifa ya Mti hapa Kongo, katika uwanja wa shule moja ya sekondari iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa dohani kubwa ya kiwanda cha shaba cha Lubumbashi. Safu mbili za lusina (Leucaena) ziliwekwa kando ya ukuta ili wanafunzi wapate kivuli, na safu moja ya avoka upande wa barabara, kwa kuwa kamati ya wazazi ilishikilia kwamba mti usioliwa ni hasara. Watu walipiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao. Mpaka Noeli miche yote ilikuwa hai. Mwishoni mwa Januari lusina zilikuwa na urefu uleule wa siku ya kupandwa, majani machanga yamepauka, na avoka zimelegea kama vile hazijaona maji wiki nzima, ilhali mvua ilikuwa ikinyesha karibu kila alasiri.

Papa Prefe, mkuu wa shule, aliniita kwa sababu miche ilitoka kitaluni kwangu, na wazazi walikuwa wamekwisha kutoa hukumu yao: mbegu mbovu. Sentineli, mlinzi wa shule, alikuwa na maoni yake, kwamba ni mchwa. Mama anayepika kantini alisema ni mbuzi wa jirani. Nilipofika mbuzi walikuwepo kweli, ila mbuzi hula jani na kuacha kijiti. Hapakuwa na hata jani moja lililotafunwa.

Kabla ya kugusa jembe niliuliza swali moja tu: miche ilianza kuharibika lini? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko vipimo vingi. Mbegu mbovu hujulikana kitaluni, kwa kutoota au kuota kwa unyonge. Mche ulioumia wakati wa kuhamishwa, kwa kukatwa mizizi au kupigwa na jua, huonyesha ndani ya wiki moja au mbili za kwanza. Hii yetu ilikaa vizuri majuma matatu, ikaendelea kutoa jani moja moja, kisha ikasimama. Mche unaosimama baada ya majuma matatu umemaliza kile ulichokuja nacho. Ndani ya sashe, yaani mfuko wa plastiki wa kitaluni, ulikuwa na udongo mweusi wa msituni, mchanga kidogo na samadi ya mbuzi. Mizizi ilipotoka humo kwenda kutafuta riziki nje, kuna kitu kiliikataza.

Tukachimba. Mwanafunzi mmoja wa darasa la biolojia alishika sururu, mimi nikafanya kazi ya mikono, maana mzizi wa mche wa miezi mitatu haustahimili chuma. Lusina ya kwanza ilitoka na bonge la udongo lenye umbo kamili la sashe, miezi miwili baada ya sashe kuchanwa na kutolewa. Hiyo peke yake ni habari mbaya, kwani kwa kawaida bonge hilo huwa limekwisha kupotea katikati ya wavu wa mizizi mipya. Tuliliosha taratibu ndani ya ndoo. Ndani ya udongo mweusi mizizi ilikuwa myeupe, yenye vinyweleo, imejaa hadi inabanana. Pale ilipogusa udongo wa shimo ilikuwa imekatika ghafla: ncha butu, nene kuliko kawaida, rangi ya kahawia iliyokolea, bila unyweleo hata mmoja. Baadhi ilikuwa imegeuka na kurudi ndani ya bonge, ikazunguka. Tulichimba nyingine nne kwenye safu zote mbili, na hali ikawa ni ileile.

Ncha ya namna hiyo ina washukiwa wawili katika udongo wetu, na mara nyingi hutembea pamoja. Wa kwanza ni shaba. Tanuru la kuyeyushia shaba liliwashwa hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kwa miongo mingi moshi wake ulipeperushwa na pepo za kusini-mashariki kuelekea upande huu tuliosimama. Moshi huo ulibeba vumbi la madini, na pia gesi ya salfa ambayo ikikutana na mvua huchachusha ardhi. Miti ikafa, nyasi zikafuata, na udongo uliobaki wazi ukaanza kusombwa na maji. Udongo wa kawaida huwa na miligramu chache hadi makumi kadhaa za shaba katika kilo moja. Katika ukanda huu hufika maelfu. Shaba ikizidi huushika mzizi penye ncha, pale pale seli zinapogawanyika, na kusimamisha urefu. Sehemu kubwa hubaki humo mizizini, haipandi juu, na ndiyo maana jani halionekani kuwa na sumu. Linaonekana kuwa na njaa ya chuma: hupauka kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, na majani machanga ndiyo hutangulia. Lusina za shule zilikuwa hivyo hasa.

Mshukiwa wa pili ni alumini, ambayo imejaa katika udongo mwekundu wa Katanga nzima, hata mahali ambapo hakuna kiwanda. Udongo ukiwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ya 5.5 na kuendelea juu, alumini hukaa imefungwa. Ukishuka chini ya hapo huanza kuyeyuka ndani ya maji ya udongo, na chini ya 5 huwa nyingi kiasi cha kufupisha mizizi ya mimea isiyoizoea. Tena alumini na chuma vya udongo huu hunasa fosfora, chakula ambacho mche mchanga hukihitaji mno kwa ajili ya mizizi. Na lusina, mti mzuri kwa mambo mengi, hauvumilii uchachu. Kwenye pH chini ya 5.5 hudumaa hata kama hakuna chembe ya shaba. Aliyechagua lusina kwa uwanja ule alichagua kwa sifa za mti, hakuuliza sifa za mahali. Kitaluni sikuuliza miche inakwenda wapi, na kwa sasa hiyo ndiyo hoja ya kwanza ninayoanza nayo mteja akifika.

Karatasi za kupimia pH tulizipata kwenye kabati ya kemia ya shule yenyewe, zimekaa huko hazina kazi. Tulichanganya udongo na maji ya mvua, tukaacha utulie, tukachovya. Safu za lusina zilitoa kati ya 4 na 5. Karatasi hizo si maabara, lakini zinatosha kukuambia uko upande gani wa 5.5. Wazazi wawili walitaka tupeleke sampuli ipimwe shaba yote iliyomo. Niliwaambia waende, wakitaka, ila jumla ya shaba ni namba inayotisha bila kueleza. Shaba ileile, kwa kilo ileile, inaweza kuua mzizi kwenye pH 4.5 na kuuacha ukue kwenye pH 6.5 penye mboji nyingi, kwa sababu huko imeshikwa na mboji na haiko ndani ya maji ambayo mzizi hunywa.

Ushahidi wa hilo ulikuwa unasimama palepale uwanjani. Mwisho wa safu ya pili, nyuma ya kantini, lusina moja ilikuwa imefika kifuani kwangu, kijani tupu. Wazazi waliitazama na kusema hiyo ndiyo mbegu nzuri pekee. Mama wa kantini ndiye aliyetoa siri bila kujua: miaka yote humwaga hapo majivu ya makaa, maganda ya ndizi na ya viazi, na maji ya kuoshea mchele. Tulichovya karatasi, ikasoma juu ya 6. Majivu yamepandisha pH, maganda yamegeuka mboji, na mzizi ulipotoka ndani ya sashe ulikuta pa kwenda. Mbegu ilikuwa ya gunia lilelile.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya uchaguzi wa mti, nalo ni shimo. Mashimo yalichimbwa kwa ustadi, kwa kufuata kila fundisho la upandaji: udongo wa juu uliwekwa kando, wa chini kando nyingine, kisha ule wa juu ukarudishwa kwanza ili uizunguke mizizi, kwa kuwa ndio wenye rutuba. Mahali ambapo moshi haukufika ningefanya vivyo hivyo. Lakini shaba iliyoshuka na moshi haizami sana. Hushikwa kwenye sentimita za juu na kukaa hapo. Kwa hiyo katika ukanda wa moshi udongo wa juu ndio mchafu kuliko wote. Waliopanda waliuchukua kwa heshima zote na kuufungia mche kama blanketi. Fundisho zuri, lilifuatwa barabara, mahali pasipolifaa. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu vijitabu vya upandaji miti vinavyozunguka mjini havilitaji kabisa, na kazi ya mikono iliyopotea pale ilikuwa kubwa.

Safu ya avoka ilikuwa kesi nyingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi wangeteleza na kutoa dawa moja kwa wagonjwa wawili. Mzazi mmoja anayefyatua matofali alikuwa amesikia kwamba udongo wa uwanja ni mbaya, akaleta toroli kadhaa za udongo wa kichuguu na kujaza mashimo ya avoka yote. Wazo lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Vichuguu vikubwa vya huku, vile vinavyozidi kimo cha nyumba, hujengwa na mchwa wanaopandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini. Huwa na kalsiamu nyingi na uchachu mdogo kuliko ardhi inayovizunguka, na ndiyo sababu miti inayoota juu yake si ile ya msitu wa miombo ulio pembeni. Karatasi ilisoma karibu na 7. Kwa upande wa shaba na alumini avoka zilikuwa salama.

Zilikosa hewa. Udongo wa kichuguu unaofaa tofali unafaa tofali kwa sababu chembe zake ni laini na hushikana. Ukiuweka peke yake shimoni na kuushindilia kwa mguu, maji huingia polepole na kutoka polepole zaidi. Uwanja wenyewe umekanyagwa miaka na miaka na viatu vya wanafunzi, kwa hiyo maji hayakuwa na mlango wa pembeni wala wa chini. Tulipochimba avoka ya kwanza, harufu ya matope yaliyolala ilitoka kabla ya mche. Mizizi ilikuwa ya kahawia, na ganda lake lilichubuka kati ya vidole viwili na kuacha uzi mwembamba katikati. Avoka ni miongoni mwa miti isiyovumilia mizizi kukaa majini: oksijeni ikiisha mizizi hushindwa kunyonya, jani hulegea ingawa chini kumejaa maji, na vimelea vya kuozesha mizizi, hasa jamii ya Phytophthora, huogelea kwenye maji hayo kutoka mche hadi mche. Sentineli, kwa huruma, alipoona majani yamelegea alikuwa akiongeza ndoo moja kila jioni. Nilimwambia aache, akaniangalia kama mtu mkatili.

Kuhakikisha, tulichimba kishimo kidogo katikati ya safu hiyo asubuhi, tukakijaza maji, tukarudi saa kumi. Maji yalikuwa bado yanaonekana. Jaribio hilo halihitaji franka hata moja, na lingefanywa Novemba lingeokoa safu nzima.

Wakati huohuo darasa la biolojia lilifanya kazi niliyoipenda kuliko zote. Walijaza vikopo kwa udongo wa sehemu tano: safu ya lusina, udongo wa chini wa shimo lilelile, nyuma ya kantini, kichuguu kitupu, na mchanganyiko wa kitaluni. Kila kikopo kilipandwa mbegu chache za maharage. Baada ya siku kumi waliyang'oa na kuyaosha. Kwenye udongo wa safu ya lusina maharage yalikuwa yameota, majani mawili ya kwanza yapo, ungeyaona kwa juu usingeshuku lolote. Chini kulikuwa na kijizizi kifupi kisicho na matawi. Kwenye udongo wa chini wa shimo mzizi ulikuwa mrefu kidogo, mwembamba, maskini. Kichuguu kilitoa mizizi mifupi iliyopinda, iliyokwama kwenye donge. Ya kantini na ya kitaluni ilikuwa mafungu ya nywele nyeupe. Papa Prefe aliyapanga mezani kwake na kuwaita wazazi waliosema habari ya mbegu. Hakuna aliyeomba samahani, lakini malipo yaliyobaki yaliletwa wiki hiyo.

Tulichofanya baadaye kilifuata kile tulichokiona, ingawa si kila mtu alikubali. Mimi nilikataa kupanda tena msimu uleule. Februari ilikuwa imeingia. Mvua zetu huisha Aprili, na chokaa inahitaji majuma kadhaa kwenye udongo wenye unyevu ili ifanye kazi. Tukatumia mvua zilizobaki kutengeneza ardhi. Mashimo ya lusina yalipanuliwa hadi sentimita 60 kila upande, na kuta zake tukazikwaruza kwa sururu, kwani jembe huacha ukuta laini ambao mzizi huuteleza na kuzunguka. Udongo wa juu wa zamani haukurudishwa. Ulifukiwa pembeni mwa uwanja na kufunikwa. Ndani tuliweka udongo wa chini uliovunjwavunjwa, samadi iliyooza vizuri, udongo kidogo wa kichuguu usiozidi robo, na chokaa, ile inayochomwa kutoka mawe ya Kakontwe upande wa Likasi. Chokaa ichanganywe mapema. Ikiwa mbichi na mche ukaingia siku hiyohiyo, itauunguza mzizi.

Mboji na chokaa kwa pamoja si ubunifu wangu. Mwaka 2010 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya jaribio la nyasi tatu za asili kwenye udongo wa huku wenye shaba, wakitumia hizo hizo dawa mbili za udongo, na mtaa wa Penga Penga umekuwa uwanja wa kazi ya namna hiyo kwa muda. Nyasi waliyoitegemea zaidi, Microchloa altera, huota yenyewe juu ya vilima vya shaba. Hilo lilinifundisha jambo kuhusu uwanja wa shule: katikati ya mashimo kulikuwa wazi kabisa, vumbi jekundu tupu, na kiangazi upepo ungelirudisha vumbi lile juu ya mashimo tuliyoyasafisha, bila kusema habari ya pua na mikono ya watoto. Tukaomba vipande vya nyasi na kuvipandikiza kati ya safu. Wanafunzi wanaocheza mpira hawakufurahi.

Lusina iliondolewa kwenye orodha, isipokuwa ule mti wa kantini. Mahali pake tuliweka Acacia auriculiformis, inayovumilia uchachu na yenye vinundu mizizini vya kujitafutia naitrojeni. Mwalimu wa biolojia alipendekeza miti ya kwetu ya miombo, na moyo wangu uko pamoja naye, lakini miche yake ina tabia inayokatisha tamaa watu wanaotaka kivuli: miaka ya kwanza hutuma nguvu zote kwenye mzizi mkuu, kilichopo juu kinaweza kukauka kiangazi na kuchipua tena mvua zikirudi, na mtu asiyejua huung'oa akidhani umekufa. Isitoshe wengi wa jamii hiyo, Brachystegia na Julbernardia, huishi kwa kushirikiana na kuvu mizizini, kuvu ambao baadhi yao ndio huzaa uyoga ambao akina mama hutuuzia kando ya barabara mvua zikianza. Udongo uliokaa bila mti miaka themanini hauna kuvu hao. Kama shule itapanda miombo, kila sashe lipate kiganja cha udongo kutoka chini ya mti mzima wa jamii hiyohiyo. Tulianza na sashe chache, nyuma ya maabara, bila kuahidi chochote.

Avoka zilizua ubishi mrefu zaidi. Wazazi walizitaka tena, mahali palepale. Nilikubali tatu tu, nyuma ya kantini, juu ya tuta lililoinuliwa kiasi cha mkono mmoja kutoka ardhini ili maji yakimbie, na udongo wa kichuguu ukiwa sehemu ndogo ya mchanganyiko. Mashimo ya zamani ya avoka tuliyaacha wazi kiangazi kizima yakauke. Kuhusu bustani ya mboga ambayo baadhi walitaka kuianzisha katikati ya safu, nilisema hapana bila kupunguza maneno: lengalenga (mchicha) na majani mengine hupokea vumbi moja kwa moja, na vumbi la huku halina shaba peke yake, lina risasi na kadimiamu pia.

Miche mipya iliingia ardhini Desemba iliyofuata, na mvua zilipokwisha akasia nyingi zilikuwa zimepita kiuno. Nne zilidumaa, zote kwenye kona moja, na tulipochimba tukakuta mtu alirudisha udongo wa juu wa zamani kwa kuwa samadi ilimpungukia. Kona hiyo inachimbwa upya Oktoba, chokaa iingie kabla ya mvua za kwanza, na darasa la biolojia limekwisha kuweka maharage kwenye vikopo.